Kabla hujalipia raifo ya bolti, kaa na noti ya elfu moja mfukoni

Msimu ukikaribia simu yangu haipoi, wengi ni vijana tuliowafundisha uwindaji wa kitalii na wengine ni watu wenye leseni zao, swali ni lilelile: mwalimu nina hela kiasi fulani, nichukue raifo gani ya kiwandani inayopiga mbali? Naongelea raifo za bolti, zile unazoingiza risasi kwa kuvuta na kusukuma chuma cha nyuma kwa mkono. Na mimi namrudishia swali, mbali ndio wapi? Maana ukiingia kwenye miombo kule Tabora au Rukwa mnyama mwingi unamkuta mita 60, mita 100, zaidi ya hapo ni vijiti na kivuli tu. Umasaini ndio habari nyingine, swala granti anasimama mita 250 kwenye uwanda mweupe, anakuangalia, na hakuna hata kichuguu cha kujifichia.

Sasa tuchukue raifo ya .308 (namba hizi ni upana wa risasi kwa inchi), risasi ya greni 168, yaani uzito wa kama gramu 11, umeirekebisha ipige pale unapolenga kwa mita 100. Ikifika mita 300 imeshashuka sentimita 40 au zaidi, na upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, yaani ule wa kupeperusha majani tu, unaisukuma pembeni kama sentimita 20. Raifo yenyewe ya kiwandani siku hizi, hata ile ya bei ya kati, risasi 3 inaziweka ndani ya sentimita 3 hivi kwa mita 100, kwahiyo kwa mita 300 kosa lake ni kama sentimita 9. Umeona hesabu ilivyo? Bunduki inakukosesha 9, upepo 20, na hapo bado hatujakuhesabia wewe na moyo wako unavyodunda. Ndio maana mtu akianza kunibishia Tikka ya Finland na Howa ya Japani ipi sahihi zaidi mimi naona tunapoteza muda, zote zinapiga vizuri kuliko wengi wetu tunavyoweza kulenga.

Anza na risasi, bunduki baadaye. Kwa Tanzania nyati, simba na tembo ni .375 kwenda juu, hilo halina mjadala, na .375 H&H ipo tangu 1912 na mpaka leo ndio mwindaji wa huku anaitegemea. Kwa swala, kongoni, tohe mpaka pofu, .30-06 ya mwaka 1906 inatosha ukichagua risasi nzuri. Ile risasi ya 6.5 Creedmoor iliyoingia sokoni miaka ya 2007-2008 kweli inavumilia upepo kuliko .308 na haipigi bega sana, naipenda kwa shabaha, ila nenda kwanza kwa muuza risasi unayemtegemea uulize anazo ngapi na mara ya mwisho aliletewa lini, ukijibiwa "zinakuja" basi umeshajibiwa. Halafu msikimbilie magnum jamani, zile risasi zenye baruti nyingi na teke kubwa, kijana anapewa .300 anapiga mara mbili, ya tatu anafumba macho kabla hajavuta trigga, hapo hata ungempa raifo ya dhahabu.

Bolti yenyewe zipo aina mbili na watu wamezigombania miaka na miaka. Mauser ya 1898 ina jino kubwa linaloshika kitako cha ganda tangu risasi inapotoka kwenye magazini, linaiongoza mpaka chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa kupigwa, haliiachi. Aina nyingine inasukuma tu risasi mbele na kuidaka mwishoni. Winchester Model 70 ilianza 1936 na jino la namna ya Mauser, 1964 kiwanda kikabana gharama kikalitoa, wanunuzi wakanuna mpaka kikaja kulirudisha, na zile za kabla ya 64 bado zinauzwa ghali. Kwa swala na shabaha ya mbali sioni tofauti ya kukunyima usingizi. Kwa nyati nataka jino kubwa, sababu ukipaniki ukasukuma bolti bila kuifunga mpaka mwisho, kisha ukaivuta na kuisukuma tena, ile ya kusukuma inaweza kuacha risasi ya kwanza chemba na kuigonga kwa ya pili, ikakwama, na nyati hasubiri. Nataka pia sefti ya hatua tatu, ile ya kati inakuruhusu kutoa risasi kwenye chemba huku bunduki haiwezi kufyatuka.

Sasa ile noti. Mwaka juzi kijana mmoja alikuja na raifo mpya kabisa, kitako cha mbao kizuri kinang'aa, muuzaji kamwambia imeshapimwa. Asubuhi saa 1 ikapiga vizuri tu, saa 6 jua limewaka risasi zikaanza kupanda na kwenda kulia, akalaumu risasi, akabadilisha boksi, palepale. Nikaiweka tupu mezani, nikachomeka noti ya elfu moja kati ya mtutu na mbao kutokea mbele, inatakiwa iteleze mpaka karibu na chemba bila kugusa. Iliishia nusu, upande wa kushoto mbao ilikuwa imelalia mtutu, ukipata moto inausukuma. Msasa wa nusu saa ukamaliza kesi. Fanyeni hivyo dukani kabla hamjalipa, na mkague skrubu za mbele na nyuma ya kitako, nimeshakuta zimelegea za kuzungusha kwa vidole.

Darubini wekeni hela ya kueleweka, hata kama mtashusha bei ya raifo. Ila ile ya kukuza mara 6 mpaka 24 kwa porini ni mtego, nyati akiwa mita 30 unaona manyoya tu, hujui bega ni lipi. Ya 3 mpaka 9 inatosha mpaka mita 300. Na kwenye .375 iwe na nafasi ya jicho, yaani umbali wa jicho lako na darubini, sentimita 9 au zaidi, wale wenye kovu la nusu mwezi juu ya nyusi wanajua naongelea nini. Kibali kianze kabla ya hela kutoka, serikali ya mtaa, polisi wilaya na kuendelea, msilete mzigo halafu ndio muulize. Wenzetu wa Kenya uwindaji wa wanyama wakubwa ulifungwa 1977, kwao haya ni ya shabaha tu.

Ukishainunua usipime kwa boksi zima kwa siku moja. Piga risasi moja tu ya asubuhi mtutu ukiwa baridi, andika imeangukia wapi, funga, nenda nyumbani, kwasababu porini ile ya kwanza ndio utakayopewa. Yule kijana wa noti daftari lake lina asubuhi 14, zote ziko ndani ya kisosi isipokuwa moja, na pembeni yake kaandika mwenyewe: "nilikunywa kahawa mbili".