Je, Wajua? Kwa Nini Muuza Maji wa Msamvu Hahesabiwi Kuwa Hana Ajira

Basi likiingia stendi ya Msamvu, Morogoro, halijasimama vizuri vijana wameshafika dirishani na maji ya chupa, karanga na biskuti. Ukimuuliza mmoja wao kama ana kazi, huenda akakujibu, "Nabangaiza tu." Kwa kipimo cha kimataifa, huyo ana ajira. Inakuwaje?

Shirika la Kazi Duniani, ILO, humhesabu mtu kuwa hana ajira akitimiza mambo matatu kwa pamoja: hana kazi, yuko tayari kuanza, na amekuwa akitafuta. Tena saa moja tu ya kazi ya kipato katika wiki iliyopita inatosha kumtoa kwenye hesabu hiyo. Ndiyo maana kwa kipimo hicho Tanzania huonekana kuwa na wasio na ajira asilimia chache tu.

Tanzania ina tafsiri yake pana zaidi. Inaongeza walio tayari kufanya kazi lakini hawatafuti, pamoja na wale ambao kibarua chao hakina uhakika. Kwa tafsiri hiyo, utafiti wa nguvu kazi wa 2006 ulipata asilimia 11.7 Tanzania Bara, na ule wa 2014 asilimia 10.3. Je, Morogoro nayo ilishuka? Matokeo hayo hugawanywa mafungu matatu: Dar es Salaam, miji mingine, na vijijini. Morogoro, yenye watu zaidi ya laki nne kwa sensa ya 2022, imo kapu moja na Mwanza, Tanga na vimji vya wilayani. Kwangu hilo ni pengo kubwa, maana kila mji una historia yake ya kazi.

Ya Morogoro ni ya viwanda. Kuanzia miaka ya 1970 serikali iliujaza mji viwanda vya nguo, maturubai, ngozi na viatu. Kile cha viatu kilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, kikitarajiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziuzwe Ulaya. Kuta zilikuwa za alumini, hewa haipiti, katika joto la Morogoro! Uzalishaji haukuwahi kuvuka sehemu ndogo sana ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Vingine vilibinafsishwa, vingine vikafa. Usindikaji wa tumbaku umebaki, lakini wengi huko ni vibarua wa msimu.

Mtu aliyepoteza kazi kiwandani na hana akiba hawezi kukaa miezi mitatu akisambaza barua za maombi. Atafungua genge, atalima mpunga, atabeba mizigo. Kwenye takwimu hajapotea, amehama tu kutoka kazi ya mshahara kwenda kazi ya kujitegemea. Anayeweza kukaa na kutafuta mara nyingi ni mhitimu ambaye nyumbani bado wanamlisha, na Morogoro inao wengi kutoka vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe. Kwa hiyo kiwango kinaweza kupanda kwa sababu wasomi wameongezeka, huku hali ya maskini ikiwa palepale.

Treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa, nayo imeleta jipya. Tangu ianze safari zake mwaka 2024, msafiri wa Dar es Salaam kwenda Dodoma akiipanda hapiti Msamvu. Abiria wakipungua, muuza maji aliyekuwa anauza kutwa atauza kwa muda wa saa nne tu kwa siku. Bado ana ajira.

Anayetaka kujua mwenendo wa mji kama huu aulizie hesabu nyingine iliyomo katika tafiti hizohizo: ya watu wanaofanya kazi chini ya saa 40 kwa wiki na wako tayari kuongeza. Muuza maji wa saa nne akisema kwamba angependa kuuza kutwa, humo atahesabiwa.