Mkono wa krabo ukikataa, usikimbilie kufungua bwati

Gari la 4x4 likishindwa kutoka kwenye krabo, yaani hali ya kusukumwa na magurudumu yote manne, neno linalosikika haraka katika garaje nyingi za Goma ni hili: "Bwati ndogo (giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) imekufa, tafuta okazyo (kipuri kilichokwisha kutumika)." Neno hilo linawamalizia watu pesa bure. Mara nyingi bwati ni nzima kabisa, na kinachoshika mkono kiko nje yake.

"Krabo inashika vizuri hata kwenye lami." Dhana hii ndiyo inayoharibu kuliko zote. Katika Land Cruiser za kazi za aina ya 70, ukiweka H4 (krabo ya mwendo wa kawaida), kardani, yaani fimbo zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja na kulazimika kuzunguka sawasawa. Lakini gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tairi huteleza kidogo, tofauti ikaisha. Kwenye lami kavu tofauti hiyo haina pa kutokea: inabaki ndani ya kardani na gia kama kamba inayosokotwa, meno yanabanana, mkono haung'oki. Shofa akishuka kutoka matope ya Masisi akasahau kutoa krabo, kuzunguka rond-point ya Tshukudu tu kunatosha: usukani unakuwa mzito, gari linajikokota.

Hapo aache kuvuta. Arudi nyuma mita chache, usukani ukiwa umenyooka, huku akielekeza mkono H2 (magurudumu ya nyuma tu) kwa upole. Ikishindikana, apeleke gari kwenye changarawe, au alisimamishe pahali tambarare, aweke mawe kwenye magurudumu mengine, kisha ainue gurudumu moja la mbele kwa kriki. Msokoto utajifungua, na gurudumu linaweza kuzunguka ghafla, kwa hiyo mikono ikae mbali.

Wengine hawakati kona yoyote na bado mkono unabana. Tazama tairi. Watu hununua mbili mpya, wakazifunga nyuma, mbele wakaacha za zamani, wakiamini namba ikiwa ileile basi zinalingana. Hazilingani. Tairi ya 7.50R16 ina kipenyo cha karibu sentimita 80. Ikilika milimita 10, kipenyo kinapungua sentimita 2. Katika kilomita moja tairi iliyolika itazunguka karibu mara 10 zaidi ya ile mpya, na msokoto unajijenga hata barabara ikiwa imenyooka. Upepo usiolingana mbele na nyuma unaleta shida ya namna hiyo pia.

"Piga kwa mguu, itaingia." Itaingia, na uma unaosukuma gia ndani unaweza kupinda, hapo ndipo bwati inaharibika kweli. Ili kuingia L4 (krabo ya mwendo mdogo wenye nguvu), gari lisimame au litambae polepole sana, ambreyaji (klachi) ikanyagwe, vitesi kubwa (giaboksi kuu) iwe huru. Meno yakikutana ncha kwa ncha, acha gari lisogee kidogo, ujaribu tena. Na kama rulibre za mbele (vifungo vya katikati ya magurudumu vinavyoyaunganisha na ekseli) ziko FREE, yaani zimefunguliwa, usiweke H4 gari likienda: kardani ya mbele imelala, ya nyuma inakimbia, meno yatalia.

Kuhusu mafuta nitasema machache. Bwati ndogo nyingi zina mafuta yake, mbali na ya vitesi, na aina yake husomwa katika kitabu cha gari: nyingine hutaka 75W-90, nyingine mafuta mepesi ya giaboksi ya otomatiki. Yakitoka meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia.

Kabla ya kufungua chochote, ingia chini ya gari, chomoa fimbo inayounganisha mkono na bwati, ujaribu kusogeza kile kipande cha bwatini peke yake. Kikisogea vizuri, ugonjwa uko kwenye fimbo: kutu, bushi zilizolika, vumbi la volkano lililopita kwenye mpira uliopasuka, au mipira inayobeba bwati imelala ikapotosha kila kitu. Kikiwa kigumu hata msokoto ukiwa umekwisha, basi tatizo liko ndani.

Kuna pia wanaokaa mwaka mzima bila kugusa mkono huo "usije ukachoka". Kinyume chake, unakwama kwa kutotumika. Toyota yenyewe huelekeza kutumia 4x4 angalau kilomita 16 kila mwezi ili mafuta yafike kwenye vyuma vya mbele, na vichochoro vyetu vya mawe ya volkano, ambako tairi hupata nafasi ya kuteleza, vinafaa sana kwa kazi hiyo.