Mchanganyiko wa mafuta na hewa, na kwa nini gari kuukuu hugoma likiwa moto

Petroli ndani ya injini haiwaki peke yake. Huwaka ikiwa imechanganyika na hewa, na kwa kipimo: ili yote iungue bila kubaki hewa wala mafuta, kilo 1 ya petroli yahitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Hewa ikipungua, mchanganyiko huwa mzito. Ikizidi, huwa mwepesi. Injini hutoa nguvu zaidi mchanganyiko ukiwa mzito kidogo, kama 12.5 au 13 kwa 1, na hubana matumizi ukiwa mwepesi kidogo. Magari ya siku hizi hujipimia kwa kompyuta na sensa iliyo kwenye ekzosi. Corolla KE70, Datsun 1200 au Peugeot 504 ya kabureta, yaani chombo kinachochanganya petroli na hewa, hayana sensa hiyo. Yanategemea ukubwa wa tundu la jeti inayopitisha petroli, kimo cha floti, yaani boya lililo kwenye bakuli la petroli la kabureta, na skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa kabureta.

Skrubu hiyo ndiyo inayosingiziwa kila kitu. Mtu aingia gereji: "Fundi, gari yala mafuta, hebu nipunguzie." Fundi achukua bisibisi, azungusha nusu mzunguko, alipwa, kazi imekwisha. Lakini kwenye kabureta nyingi skrubu hiyo hutawala petroli ya injini inapozunguka tu bila kukanyagwa, na kidogo pale unapoanza kuondoka. Ukishashika mwendo kuelekea Mtwapa, petroli hupita kwenye jeti kuu, na skrubu haina habari nayo. Gari linalokula mafuta njiani likaguliwe jeti iliyochokonolewa kwa waya ikapanuka, choki (kilango kinachobana hewa injini ikiwa baridi) isiyofunguka hadi mwisho, chujio la hewa lililoziba, sindano ya floti, inayoziba petroli bakuli likijaa, iliyochakaa, hata breki inayoshika gurudumu.

Walionunua gari Nairobi wana lao la ziada. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo kabureta isiyoguswa huko hutoa mchanganyiko mzito. Fundi wa huko huupunguza, na afanya vyema. Kisha gari lateremka kupitia Voi na Mariakani hadi kisiwani Mombasa, hewa yazidi uzito, na ule mchanganyiko uliopunguzwa wawa mwepesi kupita kiasi. Ukikanyaga, gari lasita, lakohoa kupitia kabureta, nalo lapata joto zaidi. Fundi anayejua kazi yake huuliza kwanza gari lilipimwa wapi.

Kupima si kazi ngumu, ila ina utangulizi wake. Tapeti (nafasi za vali), plagi na taimingi (wakati wa cheche) ziwe sawa, chujio liwe safi na liwe mahali pake, na pasiwe na mpira uliopasuka unaovuta hewa ya wizi chini ya kabureta. Ukiruka hayo, utakuwa unarekebisha kosa kwa kosa. Injini ipate moto kamili, choki iwe wazi. Weka mzunguko wa injini kwa kiwango kilichoandikwa chini ya boneti. Kwa magari mengi ya aina hii ni kati ya 600 na 900 kwa dakika. Sasa ingiza skrubu polepole mpaka injini ianze kuyumba, kisha irudishe nje mpaka izunguke kwa kasi na ulaini kuliko popote. Mzunguko ukipanda, ushushe kwa skrubu ya mwendo, urudie tena. Usiikaze mpaka mwisho kwa nguvu, maana ncha yake ni nyembamba na hupata kovu. Angalia pia kabureta yako ni ya aina gani: kwenye nyingi kuingiza skrubu ni kupunguza petroli, lakini zipo ambazo skrubu hupitisha hewa, na huko mambo huwa kinyume. Baada ya kuendesha siku mbili tatu, fungua plagi. Rangi ya kahawia iliyopauka ni sawa, masizi meusi makavu ni mzito, na weupe ni mwepesi.

Tuje kwenye kugoma. Gari limetoka Ukunda juani, limezimwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, na robo saa baadaye foleni inaposogea, starta yazunguka lakini injini haishiki. Wapiga honi nyuma hawana subira. Asubuhi gari hilohilo liliwaka mara moja.

Injini ikizimwa, maji hayazunguki tena na feni imesimama, lakini chuma bado kina moto. Chungu cha udongo kikiepuliwa huendelea kutokota, na chini ya boneti ni vivyo hivyo: kwa dakika kadhaa kabureta hupata joto kuliko ilivyokuwa gari likitembea. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 hivi, na mchana wa kaskazi hapa hewa ya nje yenyewe imeshapita 30. Petroli haihitaji kusukumwa sana.

Hapo hutokea moja kati ya mawili, nayo yanapingana. Petroli iliyo kwenye bakuli la floti huchemka, ikamwagikia ndani na kuifurisha injini. Au petroli iliyo kwenye pampu na bomba hugeuka mvuke, na pampu ya kizamani iliyofungwa ubavuni mwa injini haiwezi kusukuma mvuke, kwa hiyo kabureta hukaa kavu. Pua ndiyo kipimo cha kwanza. Ukisikia harufu kali ya petroli, injini imefurika: kanyaga pedeli hadi chini, ishikilie hapohapo, kisha piga starta. Usikanyage na kuachia pedeli mara kwa mara, kwani kila mkanyago humwaga petroli nyingine. Pasipo harufu, fungua boneti na uweke kitambaa kibichi juu ya pampu na bomba, usubiri. Gari likiwaka baada ya hapo, umejua mgonjwa ni nani. Sigara ikae mbali.

Tiba ya kudumu ni kuzuia joto. Chini ya kabureta nyingi kiwandani huwekwa kipande kinene cheusi cha bakelaiti, plastiki ngumu isiyopitisha moto, na mimi huwaona mafundi wakikitupa na kuweka gasketi nyembamba kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani. Kirudishwe. Bati la kukinga joto la ekzosi nalo lirudishwe hata kama lapiga kelele. Kaza skrubu zake tu. Bomba la petroli lisiguse injini wala kupita karibu na ekzosi. Floti ishushwe hadi kimo chake na sindano ibadilishwe ikiwa yavuja, kwani bakuli lililojaa kupita kiasi humwagika upesi likichemka. Rejeta ioshwe. Mchanganyiko mwepesi na taimingi iliyochelewa huongeza joto, na ndipo pekee skrubu yetu inapoingia katika kesi hii.

Kuna magari ambayo petroli haina hatia kabisa. Koili au kondensa, vifaa vya umeme wa cheche, iliyochoka hufanya kazi ikiwa baridi na kukata cheche ikipata moto. Kagua cheche gari likiwa limegoma, si baada ya kupoa, na ukiwa mbali na petroli iliyomwagika. Na ikiwa starta yenyewe yazunguka kwa kuvuta miguu, anza na waya wa ardhi kutoka betri hadi kwenye injini: ufungue ncha zote mbili, uzikwangue kutu ya chumvi ya pwani, uzikaze, ujaribu tena.