Visima vya mlalo vyenye nyufa: kutoa mafuta kwenye mwamba unaobana

Mafuta ghafi hayakai ardhini kama ziwa. Yamo ndani ya vitundu vidogo vya mwamba, na hutoka pale tu vitundu hivyo vinapoungana. Uwezo wa mwamba kupitisha kimiminika huitwa upenyezaji, na hupimwa kwa dasi, kipimo chenye jina la Henry Darcy, mhandisi Mfaransa aliyechapisha majaribio yake ya maji na mchanga mwaka 1856. Mwamba mzuri huweza kufikia mamia ya milidasi. Ule unaobana, kama wa Bakken huko North Dakota, Marekani, mara nyingi haufiki hata milidasi 0.1. Ukichimba kisima cha wima hapo utaambulia matone.

Kwa hiyo kisima huchimbwa wima hadi karibu na tabaka la mafuta, kisha hupindishwa na kulazwa ndani yake, Bakken kwa kawaida kilomita 3 hivi. Bomba hutobolewa kwa baruti kipande baada ya kipande, kuanzia ncha ya mbali, na maji yenye mchanga husukumwa kwa presha kubwa mpaka mwamba upasuke. Mchanga ndio siri yenyewe. Pampu zikizimwa, mkandamizo wa miamba hutaka kuufunga ufa, lakini punje zilizonasa humo huushikilia wazi, hata kama upana wake ni milimita chache tu.

Wengi hudhani kazi imeishia hapo. Wapi! Mafuta yaliyo karibu na nyufa hutoka mbio, presha hushuka, na ndani ya mwaka wa kwanza uzalishaji huweza kuporomoka kwa zaidi ya nusu. Kwa kawaida zaidi ya asilimia 90 ya mafuta hubaki mwambani.

Njia ya zamani ya kusukuma maji kwenye kisima kimoja ili yasogeze mafuta hadi kingine husumbua hapa: mwamba hauyapokei maji kirahisi, na nyufa za visima viwili zikikutana, maji hupita njia ya mkato na kuyaacha mafuta palepale. Naona lenye mantiki zaidi ni kukitumia kisima kilekile kwa zamu, kama ilivyofanywa Eagle Ford, Texas. Gesi asilia au hewa ya ukaa husukumwa ndani, kisima hufungwa ili ijipenyeze kutoka kwenye nyufa hadi vitunduni, kisha hufunguliwa. Gesi ikiyeyuka ndani ya mafuta, mafuta huvimba, mnato hupungua, nayo hutiririkia kwenye nyufa. Mzunguko hurudiwa hadi mafuta yanayopatikana yasiweze tena kulipia gharama ya kushindilia gesi.