"Data si sahihi": dhana potofu kuhusu ujumbe wa hitilafu

Dhana: Ujumbe uwe mfupi, kwani mtumiaji hasomi.

Ukweli: Husoma akipewa cha kusoma. Tuseme karani wa ushirika wa maziwa viungani mwa Nakuru anapakia faili la uzani wa asubuhi, mistari 600, na programu inamjibu "Data si sahihi". Aanzie mstari gani? Ujumbe wa maana hutaja mahali, kilichotarajiwa na kilichopatikana: "Mstari wa 48, safu ya Uzani: ilitarajiwa namba kama 12.5, imepatikana '12,5'." Karani anaiona koma, anaweka nukta, na hampigii mtu simu. Hizo alama za kunukuu nazo si urembo. Namba ya mwanachama 'NK-0219 ' ina nafasi mwishoni; ziondoe alama, uone utakavyokesha ukitafuta kwa nini mtu aliyesajiliwa hapatikani.

Dhana: Ukishanasa hitilafu na kuandika "Imeshindikana", umeishughulikia.

Ukweli: Umeifukia. Kwenye Python, lugha ya programu, `except:` tupu (amri ya kunasa hitilafu bila kutaja aina) hunasa hata Ctrl+C, vitufe vya kusimamisha programu, na ikiwa ndani ya kitanzi programu hukataa kuzimika. Nasa aina unayoitarajia, hapa ValueError (thamani isiyofaa), kisha irushe tena ikiwa na maelezo: `raise HitilafuYaUpakiaji("mstari wa 48") from e`. Chanzo, yaani hitilafu ya awali `e`, huchapishwa kwanza, maelezo yako chini yake, kwa hiyo soma kuanzia mwisho ukipanda. Anayeandika `from None` huficha chanzo hicho.

Dhana: Mteja aonyeshwe kila kitu ili asaidiwe haraka.

Ukweli: Majina ya majedwali na njia za mafaili ya seva hayamfai mteja; humfaa mdukuzi. Mpe rejea, mfano "K-7F34", na seva iandike undani wote kwenye logi (daftari la matukio ya programu) chini ya rejea hiyohiyo, bila nywila wala PIN. Epuka O na 0, I na 1: karani wa Kisumu ataisoma kwa simu, sokoni kuna kelele.

Dhana: Hitilafu za lugha ya programu yenyewe hazieleweki, ndivyo zilivyo.

Ukweli: Sasisha toleo. Tangu Java 15 ya mwaka 2020, ujumbe wa NullPointerException (hitilafu ya kutumia kitu ambacho ni null, yaani hakipo) hutaja kilichokuwa null bila kuwasha mpangilio wowote. Python 3.11 ya 2022 huchora ^ chini ya kipande kilichofeli.