Fouga ya Katanga kwenye kompyuta: kazi iko kwenye hewa ya Luano

Nikisema ninatengeneza Fouga Magister, jeti ndogo ya Kifaransa ya kufundishia marubani, kwa ajili ya simulita ya ndege (programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta), swali la kwanza hapa Lubumbashi huwa ni rangi: bendera ile yenye misalaba mitatu ya shaba utaichora wapi? Rangi ni kazi ya jioni chache tu, ukiwa na picha nzuri na programu ya Blender, na umeme usipokatika. Ndege yenyewe haiko hapo. Iko kwenye majedwali ya namba ambayo mchezaji hayaoni kamwe, na kwa ndege hii namba hizo ni bure mpaka uzipitishe kwenye hewa ya Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi.

Kwa wasiotoka huku: Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, alitangaza kulitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960. Februari 1961 Fouga tatu zilishushwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, zikiwa zimebebwa ndani ya ndege ya mizigo. Moja ikaanguka, nyingine ikakamatwa na askari wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa, mwishoni mwa Agosti. Iliyobaki, namba 93, ndiyo iliyowakosesha usingizi. Septemba ile, askari wa ONU kutoka Ireland walipozingirwa Jadotville, yaani Likasi, ONU haikuwa na hata ndege moja ya kivita Kongo. Kwa hiyo ndege ya kufundishia marubani, yenye bunduki mbili za rashasha puani, ilitawala anga peke yake hadi Wasweden walipoiletea ONU jeti zao za kivita, Saab J 29, mwezi Oktoba. Ukiipima kwa karatasi dhidi ya J 29 hailingani nayo kwa lolote. Ndiyo maana inanivutia kuliko Spitfire na Mustang ambazo kila mtu ameshazitengeneza.

Ninatumia FlightGear, ambayo ni ya bure na haihitaji kompyuta ya mtu tajiri. Ndani yake kuna JSBSim, injini ya hesabu inayosoma faili za maandishi matupu: uzito, kitovu cha uzito, nguvu ya kuinua kwa kila pembe ya bawa, ukinzani wa hewa, na kadhalika. JSBSim haijali umbo ulilochora. Unaweza kuipa picha ya basi na ikaruka kama Fouga, ilimradi majedwali ni ya Fouga.

Majedwali hayo unayapata wapi, na kiwanda hakikuyatangaza? Unahesabu kinyumenyume. Ndege ikifika mwendo wake wa juu kabisa haiongezi kasi tena, maana msukumo wa injini umelingana na ukinzani wa hewa. Fouga inafikia kilomita 715 kwa saa kwenye kimo cha mita 9,000. Ukikadiria injini zinasukuma kiasi gani huko juu, umeupata ukinzani. Eneo la mabawa linajulikana, mita za mraba 17.3, na urefu kutoka ncha hadi ncha ni kama mita 12 pamoja na matangi ya nchani. Mabawa marefu na membamba namna hiyo si ajabu: walioibuni, Castel na Mauboussin, walikuwa watu wa ndege zisizo na injini. Usipolitia hilo kwenye hesabu utapata jeti inayozama kama jiwe ukipunguza gesi, na Fouga haizami. Inaelea, inakataa kushuka, hadi ufungue breki za hewa.

Sasa Luano. Uwanja uko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Septemba, joto likifika nyuzi 30, uzito wa hewa pale unashuka hadi takriban asilimia 81 ya ule wa kando ya bahari kwa nyuzi 15. Ndege haijui ramani, inajua hewa tu, na kwa hewa hiyo inajiona iko kwenye mita 2,100 kabla haijaachia breki. Injini mbili za Marboré, ambazo kiwandani zinahesabiwa kilo 400 za msukumo kila moja, zinapoteza karibu moja ya tano. Mabawa nayo yanadai mwendo halisi mkubwa zaidi, kama asilimia 11, ingawa saa ya mwendo mbele ya rubani inaonyesha namba ileile ya siku zote. Unganisha mambo hayo mawili: umbali wa kukimbia ardhini unaongezeka kwa nusu nzima, na zaidi kidogo ukiweka msuguano wa magurudumu. Kolwezi, iliko juu zaidi, hali ni mbaya kuliko hapo. Ndege nyingi za historia ninazopakua zimejaribiwa na watu wanaoishi karibu na bahari, na ukizileta Luano zinaruka kwa furaha ileile ya kwao. Mimi hapo naifunga programu.

Mkia ndio unaonila muda. Fouga haina mkia wa kawaida. Ina vipande viwili tu vilivyosimama kama herufi V, na vipande hivyo vinapandisha pua na kuigeuza kwa wakati mmoja. Rubani akivuta usukani, vyote viwili vinapinda juu. Akikanyaga pedali, kimoja kinapanda na kingine kinashuka. Akifanya yote mawili kwa nguvu, kipande kimoja kinafika mwisho wake na hakiendi tena, kwa hiyo lazima uweke kikomo baada ya kuchanganya amri hizo, siyo kabla. Halafu kuna tabia ambayo wengi huiacha: ukikanyaga pedali ya kulia, pua inakwenda kulia lakini mkia wenyewe unailaza ndege kushoto. Ni kidogo, ila rubani anayelenga shabaha anaisikia miguuni.

Kuhusu sauti, nilimchezea mzee mmoja wa Kamalondo, aliyekuwa mtoto mwaka 1961, sauti mbili bila kumwambia ipi ni ipi. Ya kwanza, ya jeti kubwa, hakuimaliza. "Hapana, mutoto. Hiyo inanguruma. Ile ndeke ilikuwa inalia sawa firimbi." Ni kweli: Marboré ni injini ndogo inayozunguka mara 22,600 kwa dakika, na mlio wake ni mwembamba, mkali. Kwenye faili nimeipa pia uvivu wake. Ukikata gesi karibu na ardhi kisha ukaitaka tena, inajikokota, na ardhi haikusubiri.

Swali la mwisho huwa ni Ndola, mji ulioko Zambia ya leo. Je, Fouga ndiyo iliyoangusha DC-6, ndege ya abiria iliyombeba Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961? Umoja wa Mataifa ulimkabidhi uchunguzi huo Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania. Mimi nina kompyuta tu. Naweza kurusha kutoka Kolwezi hadi Ndola, zaidi ya kilomita 400 moja kwa moja, na kutazama mafuta yanavyobana. Hiyo inaonyesha lipi lingewezekana kwa mafuta kiasi fulani na kimo fulani. Haionyeshi nani alikuwa angani, na anayekuletea video ya simulita kama ushahidi anakuchezea.

Ukipakua Fouga yoyote, yangu au ya mwingine, ijaribu hivi: Luano, matangi yamejaa, upepo sifuri, joto nyuzi 30. Andika umbali iliokimbia hadi magurudumu kuachia ardhi. Kisha ipeleke Banana, pale Mto Kongo unapoingia baharini, kwa nyuzi 15. Namba mbili zikikaribiana, fungua faili ya injini utazame jedwali la msukumo: mara nyingi utakuta safu ya kimo ina mstari mmoja tu.