Shoti haizoeleki: dhana potofu za mafundi wa elektroniki na ukweli wake

Katika vibanda vya mafundi wa redio na televisheni mjini Moshi, kuanzia Mbuyuni hadi Majengo, fundi mkongwe hutambulika kwa visa vyake vya kupigwa shoti, na visa hivyo humalizikia kwa kauli moja: "Mimi nimeshazoea." Hiyo ndiyo dhana potofu inayozaa nyingine nyingi, kwa sababu mwili wa binadamu hauna namna ya kuuzoea umeme. Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230. Kinachobadilika ni kiasi cha mkondo unaopita mwilini, njia unayopita na muda unaokaa. Miliampea 1 huhisiwa kama mtekenyo, takriban miliampea 10 zaweza kukaza misuli ya mkono hadi mtu ashindwe kuachia waya, na miliampea 50 hivi, zikipita kifuani kwa sekunde moja au zaidi, zaweza kuufanya moyo utetemeke ovyo bila kusukuma damu. Ngozi iliyolowa hupitisha mkondo mkubwa zaidi kwa volti zilezile, hivyo shoti aliyoipata fundi Julai akiwa na vidole vikavu haimwambii lolote kuhusu ile ya Februari, wakati bati la kibanda limemtoa jasho hadi viganjani.

Dhana ya pili ndiyo inayotuumiza zaidi sisi tunaofungua vifaa: kwamba kifaa kikishachomolewa ukutani hakina umeme tena. Kwenye pawasaplai, yaani sehemu inayokilisha kifaa umeme, ya televisheni ya flati au ya kompyuta, umeme wa ukutani hugeuzwa kuwa wa mkondo mmoja (DC) na kuhifadhiwa kwenye kapasita kubwa, kipande kinachotunza chaji, kwa takriban volti 325. Kifaa kisicho na hitilafu huutumia umeme huo na kuumaliza muda mfupi baada ya kuchomolewa. Pawasaplai iliyokufa, ambayo haiwaki kabisa, mara nyingi haina cha kuutumia, kwa hiyo chaji yaweza kubaki kwa dakika nyingi. Na hicho kisichowaka ndicho wateja wanachotuletea. Nilimshuhudia kijana aliyekuwa akijifunza kazi akichomoa televisheni ya namna hiyo, akainua bodi yake, na kidole gumba kikatua juu ya miguu yote miwili ya kapasita. Mkono uliruka wenyewe, ukajigonga kwenye ukingo wa chasisi, ile fremu ya bati, na kuchanika. Kidonda kilitokana na bati, wala si umeme, na majeraha ya namna hiyo ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani.

Wengi huondoa chaji hiyo kwa kuigusisha kapasita na bisibisi, kisha hujivunia mlio. Cheche ile hula ncha ya bisibisi na yaweza kuharibu vipande vingine vya bodi. Njia ya kiungwana ni kuunganisha kwenye miguu miwili ya kapasita globu ya wati 100 ya zamani yenye uzi ndani (si ya LED), au rezista ya omu 2,000 yenye wati 5 au zaidi, kwa sekunde kadhaa, halafu kupima kwa mita hadi zibaki volti chache tu. Televisheni za chogo, ambazo kioo chake hubeba maelfu ya volti, na maikrowevu, ambayo kapasita yake huvuka volti 2,000, si vifaa vya kujifunzia.

Bisibisi ya tesa, ile yenye kitaa ndani, nayo huaminiwa kupita kiasi. Hutegemea njia ya kwenda ardhini kupitia mwili wako, hivyo haifai kuthibitisha kwamba kapasita ya kifaa kilichochomolewa imeisha chaji. Ndala za mpira, ambazo wengine huzihesabu kuwa kinga kamili, huzuia njia ya miguuni tu. Umeme unaoingia mkono mmoja na kutokea mwingine, uliolala kwenye chasisi yenye waya wa ardhi, hupita kifuani. Ndiyo maana waliotufunza walitutaka tupime kwa mkono mmoja, wa pili ukae mbali na meza. Ama sakiti breka ya ampea 16, hiyo inalinda nyaya: ampea 16 ni miliampea 16,000. Kinachomlinda mtu ni kifaa kiitwacho RCD, kinachokata umeme pindi miliampea 30 zinapovujia ardhini.

Wapo pia wanaoogopa kumgusa aliyepigwa shoti hata baada ya umeme kukatwa, wakidhani mwili wake umebaki na umeme. Mwili haubaki nao. Kata umeme kwanza. Usimvute kabla ya hapo. Akiwa amezimia na hapumui, anza mara moja kumkandamiza katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akiita msaada. Aliyezimia kidogo kisha akazinduka, au anayehisi mapigo ya moyo yakirukaruka, apelekwe hospitali akapimwe moyo, hata kama ameinuka mwenyewe na anasema amezoea.